Mbuzi wa Hitima na Milioni ya Kwenye Simu

Mimi Mwanahawa binti Sefu, mwenye wajukuu kumi na wanne na majina yao yote ninayo kichwani, nilijiaibisha mwenyewe uani kwangu hapa Kabuku, na bora niseme kwa mdomo wangu, maana jirani yangu Mwanaidi akisimulia yeye anaongeza chumvi, na mkasa wenyewe ulishakolea.

Ilianza Ijumaa. Mjukuu wangu Zuhura, anayesuka nywele saluni kule Korogwe, alikuja kunisalimia, nikamwona kainamia simu, nikamuuliza unafanya nini, akasema anabeti mpira. Nikamwambia na mimi niwekee kwenye simu yangu, mia tano tu (marehemu mume wangu Athumani alikuwa akikiona kibanda cha kubeti anavuka barabara, lakini Athumani hayupo, nani ataniona?). Nikachagua timu tano za Ulaya kwa rangi za jezi. Zuhura akacheka, akapanda basi akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nikafungua simu. Kusoma kwangu ni kwa kupapasa, niliishia darasa la tatu, ila namba hazinishindi, nimeuza maandazi stendi miaka mingi. Chini kabisa palikuwa na maneno mawili marefu, nikayaruka, halafu namba: 1,860,000. Nikahesabu sufuri. Nikavaa miwani nikahesabu tena. Nikakaa juu ya ndoo.

Hapo ningemuuliza mtu yeyote yale maneno mawili yanasemaje, yasingenikuta. Lakini nikawaza, nikimwambia Zuhura atataka fungu lake, nikimwambia Mwanaidi Kabuku nzima itakuja kukopa. Nikanyamaza. Ila kwetu mtu akipata neema anaita watu wasome dua ya shukrani, na watu huwaiti kuja kula maharage. Nyama niliyokuwa nayo ni beberu mmoja mweusi, niliyemlea mwaka mzima kwa ajili ya hitima ya Athumani mwezi ujao. Nikamwambia marehemu kimoyomoyo, "Baba Zaina, naazima mbuzi wako, kwa milioni hii nitakuchinjia ng'ombe."

Jumapili mchana uani pakajaa, pilau sufuria tatu, na mimi nimevaa doti mpya niliyokopa dukani (nikamwambia mwenye duka kesho nakulipa na chenji usinirudishie). Mwalimu Shabani wa madrasa akakaa mkekani.

"Haya Bibi, tunashukuru kwa lipi?"

"Nimepata mali, Mwalimu."

"Ya shamba?"

"Ya kwenye simu."

"Ya kwenye simu?" Mwanaidi akadakia. "Kakutumia nani, shoga, una mchumba?"

Wanawake wakaangua kicheko. Zuhura naye ndiyo kwanza anaingia kutoka Korogwe (nilimwambia njoo kuna shughuli, basi). Nikampa simu awasomee watu. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Bibi, hizi siyo hela zako. Hapa pameandikwa 'ushindi unaowezekana'. Mechi zenyewe kesho."

"Mechi gani?" akauliza Mwalimu.

"Za mpira, Mwalimu. Bibi alibeti."

 Mwalimu akafunga kitabu chake, akaanza kutafuta kandambili.

"Bibi, dua ya kushukuru kamari mimi siisomi. Na hiyo kamari yenyewe hujashinda."

Niseme kweli, milioni sikuiwaza tena. Niliwaza beberu. Mume niliyeishi naye miaka arobaini na moja hatasomewa, mbuzi mwingine sina na wa kununua siwezi. Machozi yakanitoka mbele za watu, mtu mzima na doti yangu ya mkopo.

"Mwalimu, subiri," akasema Mwanaidi. "Shoga, huyu mbuzi ulimnunua kwa hela za kubeti?"

"Nilimlea mwenyewe. Ni wa hitima ya Athumani."

"Basi mbuzi hana kosa. Mwenye kosa ni Mwanahawa."

Mwalimu alikuwa ameshavaa kandambili moja. "Hitima lini?"

"Mwezi ujao."

Akafikiri. "Kwani Athumani atakasirika akisomewa mapema?" Akaivua ile kandambili, akakaa. "Gaweni juzuu."

Wakamsomea Athumani vizuri sana, na pilau wakalila lote, tena Mwanaidi alifunga la kwenda nalo nyumbani. Kesho yake katika timu zangu tano ilishinda moja, ya jezi ya njano, ambayo hata sikuipenda.

Sibeti tena mpaka naingia kaburini, na penye namba nitaomba nisomewe kwanza maneno. Kinachonisumbua ni kimoja tu: mume wangu, aliyekuwa akivuka barabara kukikwepa kibanda, hitima yake imesomwa kwa ajili ya timu tano za Ulaya, na tukikutana huko aliko sijui nitaanzia wapi kumweleza.