Kwenda Makambako kwa Ajili ya Damu ya Yusta

Aliyetuondoa nyumbani ni Yoramu, mganga wa zahanati yetu nje ya Njombe, na jina lake nalitaja wazi ili apate kwikwi popote alipo. Binti yangu Yusta alikuwa amevimba miguu, macho meupe, anabandua udongo wa ukutani na kuula. Mimi nilikuwa kwenye shamba la miti ya miwati nachuna magome, basi mdogo wangu Zakaria akampeleka akatolewe damu. Ikapelekwa Iringa. Majibu yaliporudi, Yoramu akayasoma mbele ya foleni nzima: "Mtoto ana kaswende. Wazazi waulizwe."

Mke wangu hakulia. Alinitazama, akasema:

"Baba Yusta, kutoka mkonge wa Tanga ulirudi na blanketi moja. Mengine uliyobeba hukutuonyesha."

Mimi nimepona ndui, nimepona mkonge, nimepona hata mikononi mwa nyapara Matola aliyekuwa akitupiga kama punda wa baba yake. Lakini watoto wawili nimeshazika. Wa tatu sikuwa tayari kumzika kwa neno la Yoramu. Nikasema twende hospitali ya misheni, ng'ambo ya Makambako, apimwe upya.

Asubuhi, mjini Njombe, tulipata lori la magome. "Pandeni," akasema dereva, "ila mtoto asitapikie mali ya watu." Lori linaondoka, Zakaria huyo, anakuja mbio, akadandia. Hakuna aliyemwalika. Nilidhani ni upendo.

Njiani palikuwa na ukungu, baridi, na magome yanayochoma makalio. Yusta alilala pajani kwangu, mshipa wa shingo ukimruka kama kifaranga kilichoshikwa. Kila kilima niliweka kidole chini ya pua yake nisikie kama bado anapumua. Zakaria naye kila kilima aliuliza, "Kaka, hao wa misheni sindano wanachoma wapi?"

Jioni tukafika Makambako, kwa dada wa mke wangu.

"Kamwene," nikamsalimu mlangoni.

"Kamwene, karibuni." Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa lori gani. Akanipa uji kwenye kopo la kutu. "Hilo lako peke yako, shemeji. Usichanganye na vyombo vya watoto." Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke.

Kesho yake hospitalini, daktari mzungu, mama mrefu mwenye Kiswahili cha kanisani, alimchoma Yusta, akanichoma mimi, akamchoma na mke wangu. Akaomba na choo cha mtoto. Tukangoja siku kadhaa tukilala barazani. Sikula. Nilihesabu wafu wangu tu.

Hatimaye akatuita. "Nyinyi watatu hamna kaswende. Mtoto ana safura. Minyoo imemnyonya damu, karibu imalize. Mngechelewa, mngemzika." Kisha akauliza, "Sasa ile damu ya Iringa ilikuwa ya nani?"

Zakaria akaanza kukagua dari.

"Zakaria!"

"Kaka, mtoto alikuwa hana damu ya kumwaga. Nikaona wakimtoa tena, anakufa mikononi mwangu. Nikampa Yoramu jogoo, nikatoa mkono wangu. Yoramu naye akasema sawa. Kwani damu ya ukoo si moja?"

"Ukoo ni mmoja, Zakaria. Vitanda ulivyolalia ni vyako."

Daktari akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. Nilitaka kumpiga mdogo wangu, mkono ukakataa. Mjinga yule alikuwa amemtolea mwanangu damu yake, na nusura amuue kwayo.

Tulirudi bila Zakaria. Yeye alibaki kuchomwa sindano, na pa kuchomwa alipajua siku hiyo. Yusta alikunywa dawa ya minyoo, akatoa vitu nisivyoweza kuandika, na tulipofika Njombe aliomba kiazi. Kiazi, si udongo! Mke wangu hakuniomba radhi, nami sikumdai.

Kwa hiyo wenzangu wa nyumbani, nasema nililojifunza. Huruma ya ndugu usiitume hospitalini peke yake. Mwanao akiitwa kutolewa damu, mpeleke mwenyewe, mshike, achomwe yeye, alie. Yusta alilia sana siku ile alipochomwa misheni, akaniuma hata kidole. Sijapata kufurahia kuumwa kama siku ile.