Mwalimu wa Kuteleza kutoka Nanyuki

Jamani, mdomo wangu utaniponza. Madam, mwajiri wangu, alipanga kuwapeleka watoto wake kwenye jumba la theluji ndani ya moli hapa Riyadh, mimi nibaki nyumbani nikipiga pasi. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuombea maji, "Madam, kwetu Nanyuki mlima una theluji. Kuteleza nimezaliwa nako!" Theluji yenyewe nilikuwa nikiiona kwa mbali tu, nikianika nguo.

"Mashallah! Basi wewe ndiye mwalimu wao," akasema. "Yalla, twende!"

Nikavishwa viatu vizito, nikafungwa mbao za kuteleza, nikasimama juu ya mteremko kifua mbele. Watoto watatu walijipanga nyuma yangu wakiiga kila kitu. Nikikuna pua, nao wanakuna pua. Madam alikuwa chini, ameinua simu anarekodi.

Nilipiga hatua moja tu. Mbao zikaenda zake, makalio yakatua, nikashuka mteremko mzima mikono juu: "Woi mama, nakufa!"

Wanafunzi wangu ni watiifu. Wote watatu wakakaa chini, wakainua mikono, wakashuka wakipiga nduru: "Woi mama, nakufa!"

Madam hajui Kiswahili. Lakini nduru hiyo anaijua vizuri: ndiyo niliyopiga siku nilipokutana na panya jikoni kwake.