Matone ya Aidini Kwenye Chai ya Binti Yangu

Bwana mhariri, ukiichapa hii jina langu lisionekane. Kambini kwetu watu husomeana gazeti.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini hivi. Nimesoma mpaka darasa la pili. Nakata mkonge upande wa Pangani, kwetu ni Usambara. Mke wangu alifariki mwaka jana. Nimebaki na binti wa miaka kumi na tatu, na mama mkwe aliyeshuka kutoka mlimani kutulelea mtoto tangu mke wangu alipoanza kuugua.

Mke wangu alikuwa na rovu, shingo imevimba tangu usichana, kama wengi wa kwetu. Baadaye moyo ukawa unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda. Hospitali wakampa vidonge. Akavinywa. Hakupona. Siku moja moyo ukasimama. Nikazika, nikarudi kazini. Silii. Watu wanadhani nimezoea.

Sasa shingo ya binti imevimba. Akishika kikombe, chai inamwagika. Nikampeleka hospitali. Bwana mganga akampa vidonge kama vya mama yake, akauliza, "Kuna kingine anachokunywa?"

Nikamwambia bibi yake humtilia aidini kwenye chai. Ile ya vidonda. Sisi tunachomwa na miiba ya mkonge kila siku, kila genge lina chupa, wanawake huomba kidogo. Zamani huko mlimani wamisheni walisema aidini ni dawa ya rovu, basi watu wa kwetu wanaona ndiyo hiyo hiyo.

Akasema, "Hiyo ni ya kupaka. Na hata ile ya kunywa, mwenye ugonjwa huu asijipe mwenyewe. Vidonge vinaituliza tezi ya shingoni, aidini inaweza kuichochea. Vinapingana."

Nikamwambia hata mama yake alipewa. Akanitazama. Akasema hawezi kujua kama ndiyo iliyomuua. Hakusema siyo.

Kwetu mkwe hukai naye uso kwa uso. Yeye alikuwa jikoni, mimi nje ya ukuta. Nikasema, "Mama, hospitali wamekataza yale matone."

"Hospitali ipi, baba? Iliyonirudishia mwanangu ndani ya sanduku?"

"Wamesema yanapingana na vidonge."

"Basi aache vidonge. Mguu wako unapakwa hii hii, mbona hujafa?"

"Napakwa, mama. Sinywi."

"Mwanaume mzima anaogopa matone." Akacheka. Binti, aliyekuwa naye humo jikoni, naye akacheka.

Nikaimwaga chupa. Mama akapata nyingine kwa jirani. Binti nimemkataza, anasema bibi hukaa mbele yake mpaka amalize kikombe. Sasa mama anasema mwisho wa mwezi anapanda naye mlimani, vidonge vibaki huku.

Si mtu mbaya. Ndiye aliyemwosha mwanawe siku ya kuzika, akamvalisha. Mtoto huyu ndiye pekee aliyembakia.

Neno moja tu litamzuia: kwamba huenda matone yake ndiyo yaliyomwondoa mwanawe. Sijamwambia mtu. Nikinyamaza, binti anakwenda na chupa. Kumhamishia kwingine sina pa kumpeleka.

Wasomaji wenzangu mliokaa na wakwe, nipeni shauri. Nitamwambiaje mama neno lile, halafu asubuhi nimwachie mtoto niende mkongeni?