Mzigo Usiojua Kuutua

Nakumbuka asubuhi moja ya Ruiru, mwanangu, asubuhi ambayo bado hunijia nikiwa nusu macho nusu usingizini. Mvua ya kwanza ya Machi ilikuwa imenyesha, na mibuni ya shamba lililokuwa ng'ambo ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, nyeupe hadi mwisho wa macho. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Harufu ya maua yale ilikuwa imeingia mpaka ndani ya blanketi. Nilitoka nje bila shati, nina miaka ishirini na mitatu, nikaenda kukitafuta chuma changu.

Lakini ngoja nianzie kwako. Jumamosi iliyopita nilikuona nyuma ya nyumba yetu hapa Gatongora. Ulikuwa umekuja kutoka hosteli yenu ya Kahawa Wendani na vyuma ndani ya begi, simu umeiegemeza kwenye tofali, kijana wa kwenye simu anainua na wewe unainua. Nikakuuliza nani anakufundisha. Ukanijibu, "Usijali, mzee, nimewatch video zote. Hii kitu ni rahisi." Jibu hilo nililijua. Nimewahi kulitoa mwenyewe, ila enzi zangu hapakuwa na simu. Mimi nilikuwa na picha.

Nilifika huku kutoka kwetu Bungoma nikiwa mwembamba hadi watu wa ploti wakaniita Fito. Kila asubuhi nilisimama na wengine kwenye geti la kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo kule Thika, na nyapara akatoka kuchagua vibarua wa kupakia magunia. Hakuuliza jina wala cheti. Aliangalia mabega. "Wewe, wewe, na wewe." Kidole chake kilinipita kila siku kana kwamba pale niliposimama hapakuwa na mtu. Mama yako alikuwa na mimba ya dada yako Nafula, na nilipofungua mlango kabla ya saa tano alijua sikuchaguliwa. Alinisogezea chakula tu, na chakula hicho kilikuwa kigumu kumeza.

Basi nikataka mabega. Nilitaka kidole kile kisimame kwangu kabla mtoto hajazaliwa.

Pale Githurai 45 palikuwa na kinyozi aliyebandika kando ya kioo chake ukurasa wa gazeti la zamani. Mtu amesimama, chuma kiko juu ya kichwa, anatabasamu. Maandishi ya chini yalikuwa yamekatwa na makasi. Nilikwenda kunyolewa hata kabla nywele hazijaota, nipate tu kukaa mbele ya mtu yule. Nikilala nilimwota. Kwenye ndoto mimi ndiye niliyekuwa ndani ya picha, na nyapara ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, ananitazama.

Nilichukua bomba la maji lililoachwa na mafundi, nikasimamisha kila ncha ndani ya ndoo, nikamwaga simiti. Ndoo moja niliijaza kokoto. Kokoto zikaisha, ya pili nikaijaza mchanga. Kupima sikupima, nilikuwa na haraka, na mwenye haraka mizani yake ni macho. Kisha nikaanza kuinua. Nilikunja mgongo, nikavuta, nikasukuma, nikakaza meno. Kushuka je? Hakukuwa na kushuka, mwanangu. Kikifika juu nilikiachia kianguke nyuma yangu kwenye matope, puu! Ploti nzima inaamka. Vijana wakanisifu, "Fito amekuwa nguzo!" Nawe unajua mgema akisifiwa hufanya nini na tembo lake. Nikafunga mawe kwa waya juu ya zile ndoo, uzito uongezeke.

Mwenye ploti alikuwa bibi mmoja Mkikuyu, tukimwita Shosho Wambui. Kila asubuhi alipita pale na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, ukanda wa ngozi umepita juu ya kichwa chake, amejipinda mbele kidogo, anatembea polepole. Aliniuliza mara moja, "Kamwana," yaani kijana kwa lugha yao, "hiyo kitu ni nani alikuonyesha?" Nikacheka. Nilimwona bibi kizee na majani. Sikuona kwamba mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wangu, na kwamba aliubeba kila siku na kesho yake akaamka.

Asubuhi ile ya maua ya kahawa, chuma kilipanda vizuri mno. Kilipanda kama vile ukungu ndio ulioniinulia. Kwa kitambo kidogo nilikuwa yule mtu wa kwa kinyozi, na nakiri nilitabasamu kama yeye. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, karibu kabisa.

"Chai yako hii."

Alikuwa mama yako, na kikombe mkononi, na tumbo la miezi minane. Alikuwa amesimama pale pale ninapoangushia chuma.

Nyuma singeweza kukiachia. Mbele sikujua njia. Nilitaka kumwambia aondoke na pumzi ya kusemea sikuwa nayo. Ndoo ya kokoto ikavuta upande wake, bomba likaanza kuinamia kwake. Nikajipinda kiuno na kukitupa kando kwa nguvu zangu zote. Mgongo ukalia kama kijiti kikavu. Chuma kilianguka hatua moja tu kutoka kwenye ndara zake. Kikombe kilivunjika, yeye hakuguswa. Nimesimulia hili mara nyingi kwa kicheko, lakini nikiwa peke yangu nikilikumbuka, viganja hunitoka jasho.

Nililazwa kwenye mkeka sakafuni. Mabati yetu yalikuwa na matundu ya misumari, na jua likitoka vidoa vya mwanga vilishuka ukutani, vikapita kwenye kalenda, vikapita kwenye viatu vyangu vya kazi, vikatambaa juu ya miguu yangu na kwenda zao. Nilivijua kimoja kimoja. Sikujua kama nililala au nilikuwa macho. Thika, kidole cha nyapara kilikuwa kinawachagua wengine. Hapa nyumbani mama yako, na tumbo lile, alijibebea maji mwenyewe akinivuka miguu. Niliona aibu, mwanangu. Na chini ya aibu kulikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu: mtoto atazaliwa, na mimi sitaweza kumwinua.

Siku ya nne Shosho alisimama mlangoni na majani yake mgongoni.

"Haiya! Ndiyo huyu mwanaume wa nguvu?" Akanitazama. "Kuinua ulifundishwa na nani?"

"Na picha, Shosho."

"Na kuweka chini?"

Nikageuza uso ukutani.

"Hiyo picha ilikuonyesha mtu akiwa amefika. Ilikuonyesha akienda? Ilikuonyesha akirudi?" Akatikisa kichwa. "Ulisoma nusu, kamwana. Mzigo hujui kuweka chini, usiinue. Sasa angalia, na usiongee."

Akarudi kinyumenyume hadi ukutani. Akakunja magoti, mgongo umenyooka, akashuka taratibu kuliko mtu anavyoketi kanisani. Majani yakagusa ardhi. Ni baada ya hapo tu ndipo alipoutoa ukanda kichwani, huku akishusha pumzi ndefu. Kisha akauegemea mzigo tena kwa mgongo, akaurudisha ukanda, akainuka kwa miguu, polepole, bila kunguruma wala kukaza meno. Nikiwa pale chini nikauona mwendo mzima kwa mara ya kwanza. Na bibi huyu alikuwa amepita mbele yangu kila asubuhi! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame vipi. Hilo walimwachia Shosho.

Nilipoweza kusimama alinipa mti wa fagio. Mti mtupu. Nikashuka nao na kupanda nao, asubuhi na jioni, magoti yakiuma, watu wa ploti wakinicheka, "Fito sasa anainua fagio!" Nami nilikuwa na hasira, lakini nilishuka na kupanda.

Nafula alizaliwa wakati wa mvua kubwa, ndiyo maana akaitwa hivyo, kwetu hilo ni jina la msichana wa mvua. Nikanyoosha mikono nimchukue. Shosho akasimama kati yetu, na mama yako, ambaye hakuwa amesahau kile kikombe, akakubaliana naye. Shosho alileta pakiti ya unga wa ugali, akaitoboa tundu dogo pembeni kwa sindano.

"Inua kutoka kwa mkeka, weka chini. Unga ikitoka, mtoto hutashika."

Unajua unga unavyofanya ukiuweka kwa kishindo: hupumua, na kivumbi cheupe hutoka tunduni. Siku ya kwanza ulitoka. Siku ya pili ulitoka. "Bado," Shosho alisema. Nilikuwa natazama mtoto wangu akipakatwa na kila jirani aliyepita, mimi napakata unga. Siku ya tano nililia, na sioni haya kukuambia. Siku ya tisa, mvua ikinyesha juu ya mabati mpaka hatusikiani, nilipiga magoti, nikausogeza unga kifuani kabla ya kuinuka, nikainuka kwa miguu, nikashuka, nikauweka. Tukangoja. Hakuna kilichotoka.

"Chukua mtoto," Shosho akasema.

Nikapiga magoti. Mkono mmoja chini ya kichwa, mmoja chini ya makalio, nikamleta kifuani kwanza, nikainuka naye. Hakuwa na uzito wowote na alikuwa mzito kuliko chochote nilichowahi kushika. Nilisimama naye kitambo kirefu, nje mvua, ndani harufu ya nywele zake. Kisha nikakunja magoti na kumlaza pale alipokuwa. Hakuamka. Shosho aliokota pakiti yake ya unga akaenda kupika.

Miezi michache baadaye nilirudi kwenye lile geti na mabega yangu yale yale. Siku moja kidole kikasimama kwangu kwa sababu kijana mmoja mwenye kifua kipana hakuwa amekuja. Kiuno kilikuwa kimemlaza. Nilipakia magunia miaka kumi na tisa. Walionizidi nguvu nimewaona wakienda nyumbani mmoja mmoja, wameshika ukuta.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikukatazi vyuma. Mwili ni wako na ujana ni wako. Lakini usimwige mtu aliyefika bila kujua alipitia wapi. Anza na mti mtupu, na wanaocheka waache wacheke, kicheko hakivunji mtu kiuno. Usiinue ukiwa na haraka ya kuonekana. Kama kocha hupati, mtafute anayebeba kila siku na kila siku anaamka. Huenda amekupita asubuhi ya leo na wewe umeinamia simu. Kuuliza si ujinga. Na kabla hujakiinua chochote, kiwe chuma, kiwe deni, kiwe mke wa kuoa au neno la hasira, jiulize utakishusha wapi na kwa njia gani, na ugeuke kwanza uone nani amesimama nyuma yako.

Jumamosi njoo na vyuma vyako. Simu ilete pia, sina ugomvi nayo. Nitakuwa nyuma yako, na mama yako nimemwambia chai atuitie mezani. Pakiti ya unga nimeshanunua, na tundu nimelitoboa.

Mungu akupe mgongo ulionyooka na magoti yasiyoona haya kukunjwa. Akupe mizigo unayoiweza, na watu wa kukuambia "bado". Na siku utakapopewa mtoto wako mikononi, uinuke naye bila kutetemeka, umlaze, na asiamke.