Testa na Boti Iliyozima Gati

Shemeji yangu hakuwahi kuniomba kitu, hadi siku aliponiomba boti. Hakutaka kuiendesha. Alitaka kubandua mbao zake za ndani na kung'oa waya zote.

Boti yenyewe ilikuwa ya matanga, umri wake miaka thelathini na ushee. Niliipata kwa kubadilishana: nilitoa jenereta moja na vyerehani viwili, nikapewa boti pamoja na shukrani nyingi. Zile shukrani zilipaswa kunishtua. Muuzaji akishukuru kuliko mnunuzi, ujue kuna jambo. Jambo nililijua wiki hiyohiyo. Kila nilipochomeka plagi kwenye nguzo ya umeme ya gatini, ili jokofu na taa zifanye kazi, breka kuu ilikata na boti zote kumi na mbili zikakosa umeme. Meneja wa gati alikuwa amefunga breka mpya, zile zinazonusa umeme unaovuja na kukata kabla mtu hajarushwa.

Jirani yangu wa gatini, daktari wa meno, aliharibikiwa nyama kwenye jokofu lake mara mbili. Boti yangu akaibatiza Mama Giza, na jina likashika. Hata mke wangu akiniuliza nilipokuwa alisema, "Ulikuwa kwa Mama Giza?"

Meneja akanipa wiki mbili: nitengeneze au niondoe. Tena fundi lazima atoke kwenye orodha iliyobandikwa ofisini kwake. Orodha ilikuwa na mafundi watatu. Wa kwanza alisema bodi ya umeme ya meneja ndiyo mbovu. Wa pili alinishauri nifunge breka kubwa zaidi, ambayo ni sawa na kumtibu mwenye homa kwa kuvunja kipimajoto. Wa tatu alikuja na simu sikioni, akaangalia boti, akatikisa kichwa, akaondoka na simu sikioni.

Nikayasimulia haya mezani kwangu, mdogo wa mke wangu akiwepo. Yeye wote tunamwita Testa, kwa sababu ile bisibisi yake ya kupimia umeme huwa amechomeka kwenye kilemba kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alikuwa anakula. Hakuinua uso.

"Shemeji, kwenye hiyo boti yako waya wa kijani unaishia wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Na hao watatu walikuuliza?"

Hawakuniuliza. Ndipo nilipoacha kutafuna. Mimi nimekula kwa biashara maisha yangu yote, na nimejifunza kwamba anayetaja bei kabla ya kuuliza swali anauza maneno.

Ili umwelewe Testa, lazima ujue miaka yake ishirini ya nyuma ya pazia. Alifanya kazi kwenye karakana ya kusuka upya mota zilizoungua. Bosi alikaa mbele na wateja. Testa alikaa nyuma ya ukuta wenye dirisha dogo. Mteja akiuliza, bosi anasema "ngoja nifikirie", anakwenda dirishani, anaulizia jibu, anarudi nalo likiwa lake. Siku alipoomba naye akae mbele, aliambiwa wateja hawatamwamini. Akachukua mita yake na kigoda chake akaondoka. Kigoda hakikuwa chake, lakini hakuna aliyethubutu kukidai. Tangu hapo alikuwa akitengeneza pasi na feni barazani kwake, na mara tatu alimwendea meneja wa gati aingizwe kwenye orodha. Mara tatu aliambiwa, "Mama, wewe ni fundi wa pasi."

"Nipe boti," aliniambia. "Lakini nenda wewe ukaongee na meneja. Mimi nikiongea naye nitampiga na kitu."

Nikaenda. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikwenda kuvuta. Nilimwambia meneja: mafundi wako wameshindwa, siku zangu zimebaki saba, sasa niruhusu nimlete wangu. Akacheka.

"Yule wa pasi?"

"Huyohuyo. Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, uje mwenyewe, tuwashe kila kitu. Umeme ukikaa, unamwandika kwenye orodha."

"Na usipokaa?"

"Useme wewe."

Hapo nilimtega. Mpe mtu mwenye cheo nafasi ya kutunga sharti, atalitunga kwa fahari na atashindwa kulikana. Akasimama kabisa. "Boti hiyo ikizima gati langu tena, mchana huohuo inaondoka, na huyo mama hakanyagi mbao zangu maisha."

"Ikizima gati lako," nikasema. "Andika hivyohivyo." Akaandika, akatia sahihi.

Testa aliposoma ile karatasi aliikunja akaitia mfukoni mwake, si mfukoni mwangu.

Kazi ilianza Jumapili. Nyuma ya bodi ya boti alikuta alichokitarajia. Fundi fulani wa majumbani, zamani, alikuwa ameunga pamoja nyutro, waya unaorudisha umeme, na waya wa kijani, ule unaopeleka uvujaji ardhini. Nyumbani ndivyo inavyofanywa kwenye bodi kuu. Kwenye boti ni balaa, kwa sababu nyaya hizo zimeshaungana huko nchi kavu. Ukiziunga tena botini, umeme unaorudi unagawana njia, na sehemu yake inapita majini. "Huyu alikuwa fundi mzuri," Testa alisema akikata kile kiungo. "Alifanya kazi sahihi mahali pasipo pake. Hao ndio wabaya zaidi."

Aliweka soketi mpya ya kuingizia umeme, maana ya zamani ilikuwa imeyeyuka upande mmoja kama mshumaa. Akavuta waya wenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati, usioliwa na chumvi. Karibu na soketi, kabla umeme haujafika popote, akafunga breka ndogo ya boti yenyewe, nayo ya kunusa uvujaji. Nilimuuliza ya nini ilhali meneja anayo yake.

"Yake inalinda gati. Hii inakulinda wewe."

Nikasema hiyo ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Alinipa daftari. Alikuwa ameandika kila kifaa alichounga, na chini kabisa: *hita ya maji ya zamani, imekatwa, mwenye boti aitoe*. Akataka sahihi yangu. Nikatia huku nikiiangalia ile hita chini ya kiti. Tangi lake lilikuwa zima kabisa. Kutu kidogo tu.

Sasa niseme nililofanya, maana lilifanyika. Jumamosi saa mbili, Testa akiwa hajafika, nilifikiria wageni nitakaowakodishia boti, nikafikiria maji ya moto. Nikafunga plagi kwenye waya wa hita na kuichomeka kwenye soketi ya ndani aliyoifunga Testa chini ya kiti. Nilijiambia mzigo ukiwa mkubwa ndio meneja atakubali zaidi.

Saa nne watu walikuwa wamejaa. Daktari wa meno alikaa sitahani kwake, redio yake pembeni. Redio hiyo haizimwi toka asubuhi, labda kwa sababu kazini kwake anasikia vilio tu. Meneja alikuja na wale mafundi watatu wa orodha, wamejipanga nyuma yake kama wapambe wa harusi.

Testa akachomeka plagi. Kimya. Akawasha taa. Jokofu. Feni. Chaja ya betri. Mmoja wa wale watatu akatazama saa yake.

"Kila kitu," meneja alisema.

"Bado hita," nikasema, nikaibonyeza.

Bado nayasikia macho ya Testa. Hakuwahi hata kufungua mdomo. *Tak.* Taa zikafa, feni ikazunguka mzunguko mmoja wa uvivu ikasimama.

"Si nilisema," meneja akageukia watu. "Pasi ni pasi." Wale watatu wakacheka kwa zamu. Mtu akaita, "Mama Giza huyo."

Testa alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Daktari," akasema taratibu, "hebu ongeza sauti ya redio."

Daktari akaongeza. Mtangazaji alikuwa anasifu sabuni, inayong'arisha, inayonukia, inayookoa nguo. Gati lote likasikia habari za sabuni. Kicheko kikaisha chenyewe. Daktari akaitazama redio yake, akaufuata waya wake kwa macho hadi kwenye nguzo.

"Meneja," akasema, "mimi nina umeme."

"Na mimi," akaita mwingine wa boti ya mwisho.

Testa akatoa ile karatasi mfukoni na kumpa meneja asome maandishi yake mwenyewe. *Ikizima gati langu.* "Imejizima yenyewe," alisema. "Kuna kitu humu kinavuja, na breka yangu imekikata kabla hakijafika kwako. Gati lako halijui kama kuna lililotokea."

Akashuka ndani na mita, hakupapasa popote, akaenda moja kwa moja chini ya kiti. Akalifungua daftari kwenye sahihi yangu, akaliweka juu ya hita, akaniangalia.

"Hii ni ya nani, shemeji?"

"Yangu," nikasema. Hakukuwa na pa kujificha. Boti ni ndogo.

Meneja si mjinga, ndiyo maana ni meneja. Aliingia mwenyewe, akarudisha breka, akabonyeza hita. *Tak.* Sabuni ikaendelea. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Kisha akaing'oa hita kwenye soketi, akawasha vingine vyote, akavuta kiti akakaa. Alikaa saa nzima. Hakuna kilichokatika. Alipotoka aliwauliza wale watatu ni nani kati yao angefunga breka ile kwenye boti ya mteja bila kuambiwa. Mmoja alikohoa.

Tulikwenda ofisini wote. Meneja akashika kalamu aandike chini ya majina matatu.

"Juu," Testa akasema. "Chini pana unyevu, karatasi itaoza."

Akaandika juu. Kabla hatujatoka mlangoni daktari wa meno alishamshika mkono, boti yake nayo ina soketi inayonuka moshi, na nyuma yake wawili wakingoja. Nilimsikia Testa akianza: "Waya wako wa kijani unaishia wapi?" Alikuwa anaongea na mteja, mbele, bila ukuta wala dirisha.

Hita nilibebeshwa mimi, gati zima, watu wakiangalia. Nilipanga kupita nayo kwa muuza vyuma. Tangi zima vile halikosi mtu. Nilipoitua nipumzike ndipo nikaona pande zote mbili, kwa kalamu ya Testa isiyofutika, kwa herufi kubwa kama za dukani: MBOVU.

Ananijua.