Jani kwenye Sanduku la Da Mina

Ukitaka kukausha karafuu mjini Dubai, usifanye nilivyofanya mimi. Nilizimwaga juu ya gazeti, gazeti nikaliweka roshani, pembeni kabisa ya mashine ya nje ya AC, ile inayopuliza kama imetukanwa. Kisha nikaingia ndani kuchemsha chai, roho imetulia. Nilipotoka, gazeti lilikuwa limejibandika kwenye nondo kama mtu anayechungulia barabarani, na karafuu zote zimeshuka kwenye mashuka meupe ya Bi Rukia, ambayo yalikuwa bado hayajakauka.

Bi Rukia ni jirani yangu wa ghorofa ya kwanza, mtu wa Mombasa, mshonaji wa mabuibui, na kunong'ona hakujui. Nikamsikia anapanda ngazi. Nitamrudia, msiwe na wasiwasi. Wasiwasi niachieni mimi. Kwanza niwaambie kuhusu ile harufu, maana karafuu iliyopata joto haibishi hodi. Imeingia mpaka kwenye foronya, na tangu iingie sikaliki.

Mimi ni mtu wa ndani. Nimezaliwa hapa Al Baraha, ghorofa ya tatu, nikaolewa ghorofa ya pili ya jengo hilo hilo. Msafara wa bibi harusi ulishuka kwa ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, na mama alilia kama napelekwa Ulaya. Niliosoma nao sekondari wametawanyika dunia nzima. Mimi nikivuka tu maji kwenda mtaa wa Bur Dubai narudi kichwa kinauma. Lakini kipo kijiji kimoja, kwenye kisiwa kidogo cha Maluku huko Indonesia, ambacho nakijua kuliko Pemba ya baba yangu. Sijakikanyaga. Nilikulia ndani yake, jikoni kwetu.

Aliyekileta ni Da Mina. Alikuja kufanya kazi kwetu nikiwa sijaanza hata shule, akajifunza Kiswahili kwa kugombana na kaka yangu Salum. Akikatakata vitunguu alinitembeza kwao. Barabara yao ni moja tu. Inaanzia gatini, ambako ubao mmoja umetoka na kila mtu anajua pa kuruka, inaishia msikitini. Mbao za paa la msikiti huo zilibebwa na Wakristo wa kijiji cha upande wa pili wa kilima, maana vijiji hivyo viwili ni ndugu tangu mababu. Kanisa likijengwa, watu wa kwao nao wanabeba. Msimu wa karafuu barabara inageuka mkeka wa kuzianikia, pikipiki zinapita ukingoni kwa adabu. Chakula chao ni uji mzito wa sago unaovutika kama gundi, wanauzungusha kwa vijiti viwili na kuumeza bila kutafuna. Alitupikia mara moja. Salum akauliza kama ni wa kula au wa kubandikia karatasi.

Baba alivumilia yote isipokuwa karafuu.

"Karafuu ni Pemba, Mina. Khalas."

"Baba, hizo za Pemba wazee wao wako kwetu," akajibu Da Mina huku akimtilia mchuzi.

Baba alisusa kula. Alisusa mpaka harufu ya mchuzi ilipomfikia puani.

Kilichonikaa mimi zaidi ni sasi. Kwao minazi ikihitaji kupumzika, au sehemu fulani ya bahari, watu hukutana, huomba dua, kisha hufunga jani changa la mnazi kwenye mti mahali pa wazi. Basi. Hakuna ukuta, hakuna kufuli. Hata mwenye mnazi hagusi. Ukifika wakati, jani linafunguliwa mbele ya watu na wote wanaingia pamoja, na kila nyumba inapata. Da Mina akaleta desturi hiyo jikoni. Siku za mwisho za Ramadhani alifunga ukanda wa jani kwenye kopo la visheti, na sisi, ambao mama alishindwa kutuzuia kwa kufuli, hatukuligusa. Si kwa woga. Siku ya kufungua ilikuwa tamu kuliko wizi: wote chini sakafuni, baba naye, Da Mina anasema bismillah, jani linatoka.

Kisha mwaka mmoja mama akasema Da Mina amemaliza mkataba, anarudi kwao Ijumaa.

Wiki ile sikutulia. Nilikuwa nikiamka namtazama kama bado yupo, nikienda msalani naacha mlango wazi nisikie sauti yake. Alhamisi nikamtuma Salum, kwa rushwa ya biskuti, aniletee jani la mtende kutoka karibu na maegesho ya msikiti. Ijumaa baada ya sala, sanduku lilipowekwa mlangoni, nikalifunga jani kwenye mpini, fundo juu ya fundo, nikasimama mbele yake mikono kiunoni.

Da Mina alitoka chumbani na mkoba wake. Akaona jani. Akasimama.

"Vuta tu," Salum akamwambia. "Jani la mtende hilo, tena mie ndiye niliyelichuma."

"Hapana. Kwetu aliyefunga ndiye anafungua."

"Yalla, Mina!" mama akaita kutoka kwenye ngazi. "Teksi inapiga honi! Ndege itakuacha!"

Kisu cha vitunguu kilikuwa pale pale jikoni. Angekata na kuondoka, na nani angemlaumu? Da Mina akakaa chini, mgongo ukutani, sanduku kati yetu. Honi ikapigwa tena.

"Nina msichana wangu kule," akasema. "Nilimwacha anatambaa. Sasa anaandika jina lake."

Nilikuwa sijui. Alikuwa amenieleza mpaka ubao uliotoka gatini, lakini mtoto hakumtaja hata siku moja.

"Anakupenda?" nikamuuliza. Wivu, wasomaji wangu. Nilitaka aseme kidogo tu.

"Hanijui," akasema.

Nikaanza kufungua. Fundo lilikuwa limekaza, vidole havikufua dafu, nikatumia meno. Jani la mtende ni chungu, nawaambieni. Huku machozi, huku makamasi, na Da Mina ananishika kichwa: "Bismillah kwanza! Bismillah!" Jani likatoka. Kwa kuwa sasi ikifunguliwa kila mtu lazima apate kitu, alichomoa karafuu chache kutoka kwenye pindo la kanga yake, akanipa kiganjani, akampa na Salum moja. Kisha akashuka ngazi mbio, sijawahi kumwona anakimbia.

Kwa miaka nilijisifu kwamba nilimpa ruhusa ya kwenda. Nilikuja kuelewa nilipozaa mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nikimnyonyesha mwanangu ndipo nikagundua kwa nini hakuwahi kumtaja yule msichana: alikuwa amelifungia jani jina lake. Angeligusa kila siku, asingeweza kutuchana nywele sisi. Na mimi nikamlazimisha alifungue palepale sakafuni, teksi inamngoja chini.

Karafuu nilizozimwaga ni za Da Mina. Mtu wa kijiji chao aliyekuja kufanya kazi hapa Dubai, mtaa wa Al Warqa, ameniletea, pamoja na ujumbe wake wa sauti kwenye simu. Sauti imekuwa nyembamba. "Hazijakauka vizuri, anika," anasema. "Mguu umekataa, macho yanakataa. Njoo, kabla sijasahau Kiswahili." Tangu hapo nafungua ukurasa wa tiketi, naufunga. Napiga pasi gauni nililokwisha kulipiga pasi. Mume wangu amesema niende, atakula mkahawani. Mimi nasema joto, nasema pasipoti, nasema AC inahitaji fundi.

Haya yote nilimweleza Bi Rukia mlangoni, badala ya kumwomba radhi, naye kashika shuka lenye madoa ya kahawia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akasema:

"Mashuka n'tayafua mwenyewe. Weye hujafungwa kwa jani wala kwa kamba, weye u muoga tu, na huyo mama yuafa."