Mama Aliyekataa Kula Nami

Siku ya kwanza Sikonge, Tanzania, mama wa mwenzangu alinikumbatia, tukala ugali sahani moja. "Rafiki wa mwanangu, katoka Nairobi," akawaambia majirani. Nikashusha pumzi. Mimi na binti yake ni wanawake wawili tunaoishi kama mke na mume, na sheria za nchi zetu zote mbili zinaweza kutufunga. Ila mwenzangu hakuogopa jela sana. Aliogopa mama yake amkane.

Kesho yake domo langu likaniponza. Mwenzangu anaosha vyombo uani, nami kwa mazoea ya nyumbani nikamwita, "Mke wangu, hebu nipe maji." Kugeuka, mama huyo mlangoni na ungo wa mchele. Akageuka, akarudi ndani na ungo wake.

Mwenzangu akaenda kwa shangazi yake, kijiji cha pili, akaniacha na balaa langu. Mchana nilitengewa chakula sebuleni, peke yangu. Mama akala jikoni. Alasiri nikakutana naye akitoka kisimani. "Shikamoo, mama." Akaitikia huku kageuza uso, akaacha njia, akapita majanini na ndoo yake kichwani. Haki, nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi nikafungasha nguo, roho juu, kila aliyepiga hodi nikidhani ni mchungaji aliyeitwa.

Mwenzangu aliporudi nikamwambia, "Tuondoke. Nimekuharibia. Mama yako hataki kula nami, njiani ananikwepa."

Akaketi kitandani, akaziba mdomo. Alikuwa analia na kucheka.

"Kwetu mama hali na mkwe wake wa kiume," akasema. "Wakikutana, humpisha njia. Ni heshima. Baba na bibi mzaa mama hawakuwahi kula pamoja mpaka bibi anazikwa."

Mkwe! Furaha ilinijaa, nikamshika mikono. Halafu nikaiachia.

"Na majirani, wanaijua desturi hii?"

Akaacha kucheka. "Nani huku asiyeijua?"

Ikabidi amwombe mama aache kuniheshimu. Siku iliyofuata mama alitandika mkeka uani, mbele ya watu, akaketi karibu yangu. Jirani akapita, akamsifu kwa kupenda wageni. Mama akashukuru. Kisha akamega ugali kwenye sahani yangu, macho chini.